Upupu wa Kocha

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri, ila mtaani hakuna aliyelitumia. Walimwita Mkunjo, kwa ajili ya ule mkunjo aliokuwa akiupiga kwenye suruali za watu, ulionyooka kutoka kiunoni hadi kifundoni, hata wateja wakawa wanataniana kwamba ukikaa karibu na mtu aliyevaa suruali iliyopita mikononi mwa binti yule, angalia usikatwe. Alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba, mzito wa kusema. Asubuhi alikwenda shule. Jioni alipiga pasi kwa shangazi yake, dobi wa mtaa, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

Kazi ilifanyika chumba cha mbele. Mlikuwa na meza moja ndefu, na juu yake blanketi kuukuu la kijivu lililokunjwa mara mbili, lenye madoa ya kuungua hapa na pale. Shangazi alilipenda blanketi lile kuliko alivyompenda marehemu mume wake, na alisema hivyo mbele za watu bila haya. "Hili angalau lilinisaidia kazi," alikuwa akisema huku akilipigapiga. Uani kulikuwa na mabeseni, na kamba za kuanikia zilizopishana kutoka ukuta hadi ukuta, kiasi kwamba mgeni aliyetaka kwenda chooni alipapasa katikati ya mashati ya watu asiowajua.

Shuleni Mkunjo alikuwa kipa wa akiba wa timu ya wasichana. Maana yake alikaa benchi akimtazama rafiki yake akidaka mipira. Huyo rafiki ndiye aliyekuwa Kipa hasa, na hakuitwa jina lingine. Lilikuwa jitu la msichana, viganja kama makasia, kicheko cha kusikika nyumba ya nne. Mpira ukija alikuwa anausemesha, "Njoo, njoo kwa mama," na mara nyingi ulikuja kweli. Walikuwa pamoja tangu wakiwa watoto wa kuchezea matope. Kipa alisema kwa niaba ya wote wawili, na Mkunjo aliridhika hivyo, kwa kuwa kusema kulimchosha.

Kocha wao alikuwa mtu wa kupenda nguo nyeupe. Uwanja ulikuwa wa vumbi jekundu, lakini yeye nyeupe juu mpaka chini, kola imesimama, suruali ina mstari. Weupe ule ulikuwa jasho la Shangazi na Mkunjo, naye hakuwahi kuwaambia ahsante. Watu wa namna hii wapo. Hudhani nguo hujifua.

Siku moja timu ilifungwa mabao ya kijinga. Kesho yake mchana, jua likiwa utosini, Kocha akamwamuru Kipa auzunguke uwanja akikimbia mpaka atakapoambiwa basi. Maji ya timu yalikuwa kwenye ndoo kubwa yenye mfuniko. Kocha akaichukua ile ndoo, akaikalia.

"Atakayemhurumia atakimbia naye," alisema.

Hakuna aliyemhurumia, yaani hakuna aliyethubutu. Kipa alikimbia akitania, kisha akakimbia amenyamaza, kisha akaanza kuyumba na kucheka peke yake kicheko ambacho hakikuwa chake. Alipoanguka, Kocha hakuinuka. Alisema, "Nyanyuka, usituletee maigizo." Walipomgusa wenzake walikuta ngozi imekauka na inaunguza. Mkunjo alijua joto, ilikuwa ndiyo kazi yake, na joto lile lilimtisha akashindwa kupiga kelele.

Hospitali walimwokoa, kama kule ni kuokolewa. Alirudi nyumbani amelala chali, macho wazi, hasemi, hainui hata kidole, akilishwa kwa mrija uliopita puani. Daktari alimwambia mama yake kwamba joto lilikuwa limeunguza ubongo. Labda anasikia, labda hasikii, hakuna anayejua. "Mkiona dalili yoyote, mama, hata machozi, uje uniambie."

Shuleni wakafanya kikao. Kikao kikasema mtoto alikuwa na ugonjwa uliojificha. Kocha akaonywa kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, na wiki iliyofuata alikuwa uwanjani na filimbi yake. Alikwenda kumwona mgonjwa mara moja, akapeleka machungwa. Machungwa, kwa mtu asiyeweza kumeza mate yake mwenyewe.

Mama Kipa hakuwa na mume wala ndugu wa karibu. Alikuwa akifuma masweta, na sasa alifumia pembeni ya kitanda cha mwanawe, akinyanyuka kila baada ya muda kumgeuza asije akatoka vidonda. Mashuka yalikuwa hayaishi. Shangazi, mwenye mdomo mbaya na moyo mzuri, akamwambia, "Mashuka ya mtoto niachie mimi. Ukiniletea habari ya kulipa nitakutukana." Tangu hapo Mkunjo ndiye aliyeyachukua na kuyarudisha. Aliyapiga pasi mwisho kabisa, baada ya nguo zote za wateja, akayakumbatia kifuani na kuyapeleka yakiwa bado na uvuguvugu. Alikaa na rafiki yake kidogo, akashindwa la kusema, akaondoka.

Wazo la kisasi halikuwa lake. Lilikuwa la Beki, msichana mfupi kifua mbele, mdomo hauna breki. Jioni moja alikuja uani kwa dobi na Winga, mwenzao mwenye mbio na umbea, wakajibanza na Mkunjo nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Beki alikuwa na kopo mkononi.

"Upupu," alisema. "Umeota tele kwenye ua kule nyuma ya stoo."

Mkunjo alichungulia. Yalikuwa maganda machache tu, ya kahawia, yenye manyoya laini unayoweza kuyadhania mahameli mpaka yakuguse.

"Fainali ni keshokutwa," Beki akaendelea. "Wageni, mkuu wa shule, wazazi, wote watakuwepo. Na yeye atavaa yale manguo yake meupe. Ziko wapi nguo zake?"

"Ziko ndani. Ni zamu yangu kuzipiga pasi."

"Unaona! Mungu mwenyewe kazileta."

"Usimsingizie Mungu," Winga alisema, lakini alikuwa anacheka.

"Shangazi akijua ataniua," Mkunjo alisema. "Ni mteja. Dobi ukichezea nguo ya mteja umejimaliza."

Beki hakucheka. Aliliweka kopo chini. "Siku ile wewe ulikuwa wapi? Mimi nilikuwa umbali wa kutoka hapa hadi kwenye kamba ile. Nilisimama. Wewe ulisimama, na huyu hapa alisimama. Yeye kakalia maji na sisi tumesimama tunatazama. Nataka ajue mwili wako ukikugeuka unasikiaje. Siku moja tu, mbele za watu. Au tusimame tena?"

Mkunjo aliinama. Alilichukua lile kopo.

Kesho yake jioni Shangazi alitoka kupeleka nguo za wateja. Mkunjo akafunga mlango. Alizipiga pasi nguo za Kocha kwa uangalifu kuliko siku zote, maana ubaya nao ukiamua kuufanya unataka uwe safi. Kisha akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akajifunga kitambaa puani, na kwa kijiti akayakwangua yale manyoya taratibu, ndani ya kola, makwapani, kwenye mkanda wa suruali, mgongoni. Akazikunja, akazifunga kwenye gazeti. Maganda na mifuko ile akavichoma uani. Alifagia sakafu. Meza akaipangusa kwa kitambaa chenye maji, akainama akaitazama kwa jicho la karibu, hakuona kitu. Lakini blanketi halipanguswi. Blanketi linameza.

Yakabaki mashuka ya Kipa. Aliyatandaza pale pale mezani, kama desturi yake. Moyo ulikuwa unampiga kwa furaha. Kwa mara ya kwanza tangu rafiki yake aanguke alihisi kwamba amefanya kitu, na aliyapiga pasi mashuka yale akiimba kwa ndani, akiyageuza upande huu na upande huu, pembe juu ya pembe, mpaka yakawa kama ya hoteli. Akampelekea Mama Kipa jioni hiyo hiyo. Mama akayashika, akayanusa, akasema, "Mwanangu, una mkono wa baraka. Nitamtandikia asubuhi nikishamwogesha."

Asubuhi ya fainali Shangazi aliamka anajikuna viwiko. "Chungu gani hawa wamevamia meza yangu?" alilalamika. "Nimeegemea kidogo tu wamenitafuna kama sukari." Mkunjo alikuwa anafunga kamba za viatu, akili yake iko uwanjani. Alisema pole, akatoka mbio.

Tusijifanye watakatifu, mambo yalipendeza. Kocha alifika ameng'aa, akasalimiana na wageni, akasimama mstarini mikono nyuma. Jua lilipompata na jasho likaanza, alipandisha bega moja. Akapandisha la pili. Akapeleka mkono kolani, akaurudisha, akaupeleka tena na safari hii haukurudi. Kabla ya mapumziko alikuwa anajisugua mgongo kwenye nguzo ya goli, filimbi imemtoka mdomoni, na uwanja mzima umesahau mpira. Mkuu wa shule alijaribu kutazama pembeni. Kocha akajikuna mahali ambapo mtu mzima hajikuni mbele za wakwe, akapiga yowe, akakimbilia bombani na kujimwagia maji na nguo zake zote.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Kocha!" Beki alipaza sauti kutoka katikati ya umati, na watu wakaangua kicheko.

Winga alicheka mpaka akakaa chini. Mkunjo alicheka naye, machozi yakimtoka, na ilikuwa raha tupu, raha ya kuvua kiatu kilichobana kutwa. Jioni habari zikaja kwamba Kocha amechomwa sindano, amepakwa dawa, amelala usingizi mzuri, na mkuu wa shule amempa pole na mapumziko. Beki akatema mate. "Si kitu. Kajikuna."

Wakakubaliana kesho yake waende kwa Kipa wamsimulie.

Kuna watakaosema hapa kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Laiti ingekuwa hivyo. Wachimbaji walikuwa watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyeingia.

Walimkuta Mama Kipa mlangoni, kama aliyekuwa anawangoja. Hakuwa amelala, macho yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo hawakuwa wameiona tangu yale mambo yatokee.

"Wanangu, njooni! Njooni mwone maajabu! Mwenzenu analia! Tangu jana mchana, machozi yenyewe, si jicho kuvuja, analia! Majirani wote wameshuhudia. Daktari alisema dalili ni machozi. Nimemtumia ujumbe, kasema atakuja."

Ndani mlikuwa na joto na harufu ya sabuni. Kipa alikuwa amelala chali juu ya mashuka meupe, amefunikwa hadi kidevuni, na kweli machozi yalikuwa yanamtiririka kuelekea masikioni, mfululizo. Pumzi yake ilikuwa fupifupi.

"Mnaona? Semeni naye. Mwambieni kitu cha kumfurahisha."

Beki hakungoja kuombwa mara mbili. Alisimama katikati ya chumba akasimulia fainali yote, akaigiza Kocha anavyopandisha mabega, Kocha anavyojisugua kwenye nguzo, Kocha anavyochupa kuelekea bombani huku amejishika nyuma. Hakutaja sababu. Alijikuna mwili mzima mbele ya kitanda kile, kwapa kwa kwapa, akitoa sauti za ajabu. Winga alikuwa hoi. Mama Kipa naye akacheka, akashika ubavu, akasema jamani nyamaza utaniua. Kisha akamtazama mwanawe, akapiga makofi.

"Anacheka! Tazameni machozi yalivyozidi! Anacheka mwanangu!"

Mkunjo alikuwa ameinama amfute rafiki yake machozi. Shuka liliteleza kidogo, akaiona shingo. Ilikuwa nyekundu, imevimba kwa mistari, na vipele vilipanda mpaka nyuma ya sikio.

"Mama, hivi ni nini?"

"Vipele vya joto tu. Nimempaka poda."

Mkunjo aliliachia shuka. Alikumbuka viwiko vya Shangazi. Alilikumbuka blanketi. Mambo yote yakaja kwa mkupuo. Kocha alipata moto ule kwa muda wa nusu ya mchezo, naye alikuwa na mikono ya kujikunia, na miguu ya kukimbilia maji, na mdomo wa kupigia yowe.

"Beki, nyamaza," alisema.

"Subiri, sijafika kwenye—"

"Nyamaza! Nyamaza!" Hawakuwahi kumsikia akipiga kelele, na chumba kikatulia. "Mama, tumtoe kwenye mashuka haya. Sasa hivi. Una unga? Ukande unga na maji kidogo, uwe mzito. Usimmwagie maji, usimsugue."

"Kwani kuna nini?"

"Ni upupu, Mama. Niliutia mimi kwenye nguo za Kocha, juu ya meza ile ile ninayopigia pasi mashuka haya."

Mama Kipa hakupiga kelele. Alimtazama kama mtu anayesemeshwa lugha ngeni, kisha akakimbilia jikoni. Walimnyanyua Kipa wote wanne, wakamlaza juu ya kanga safi za mama yake. Mgongo wake ulikuwa umeumuka wote kutoka mabegani hadi kiunoni. Wakafinyanga madonge ya unga, wakawa wanayabandika na kuyabandua, kipande kwa kipande, ngozi yote, na kila donge lililobanduliwa lilitoka na vinyoya vidogo vya kahawia. Kazi ilichukua muda mrefu. Machozi ya Kipa yalipungua polepole, yakakatika.

Beki ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alikuwa amesimama karibu na mlango, donge la unga mkononi. "Mama, hatukukusudia. Haki ya Mungu hatukukusudia."

"Kocha naye hakukusudia," alisema Mama Kipa.

Beki akatoka nje. Winga akamfuata. Wakasikika wakilia barazani.

Mama Kipa alikaa kitandani. Unga ulikuwa umemkaukia vidoleni, akawa anautazama.

"Tangu jana ninamshukuru Mungu kwa machozi yale," alisema. "Nimepiga magoti hapa hapa. Nimeita watu waje watazame." Aliubandua unga wa kidole kimoja. "Basi anasikia maumivu. Siku zote hizi nilizokuwa namgeuza, na ule mrija, na watu kusimama hapa kusema maskini bora angepumzika. Yote yalikuwa yanamwingia."

"Nisamehe, Mama."

"Usiniambie mimi. Si mimi niliyelala juu ya upupu. Mwambie mwenyewe."

Mkunjo, aliyekuwa ameshindwa kusema neno mbele ya kitanda kile siku zote, akapiga magoti na kumwinamia. Macho ya Kipa yalikuwa wazi, mekundu, yanatazama dari. Alimweleza yote: kopo, kijiti, mifuko mikononi, jinsi alivyoimba kimoyomoyo akipiga pasi. Alimwambia alidhani anamlipia. Alimwambia kwamba siku ile uwanjani alikuwa na kiu kwa ajili yake na bado hakusogea. Sauti ilimkatika mara kwa mara, akaanza upya. Alipomaliza alisema, "Ni mimi, Kipa. Unanisikia?"

Macho yaliondoka darini. Yalihama polepole, kwa shida, mpaka yakamfikia usoni. Yakamtazama. Kisha Kipa akayafumba.

"Kipa," Mkunjo aliita. "Kipa, ni mimi."

Kope zilikuwa zimekazwa, zinatetemeka kwa jinsi zilivyokazwa.

"Toka, mwanangu," alisema Mama Kipa, si kwa ukali. "Mwache."

Mkunjo alitoka. Hakuwafuata wenzake barazani, alizunguka nyumba, akaegemea ukuta chini ya dirisha la kile chumba kwa sababu miguu ilikataa kwenda mbali zaidi. Alimsikia mama akivuta kiti, akikaa, akisema kwa sauti ya chini:

"Ameshatoka, mwanangu. Fumbua macho."

"Hivyo hivyo, mwanangu. Nitazame." Halafu akamsikia yule mama akilia.